Barua kwa mwanangu: Yona, samaki na kahawa yetu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa wiki iliyopita nimeusoma mara tatu. Unauliza kama mtu asiyeamini kwamba Yona alikaa tumboni mwa samaki siku tatu bado ni Mkristo, maana mwenzako wa kazini amekwambia Biblia humezwa nzima au hutemwa nzima.

Mwulize kwanza kama anakula kitimoto, nyama ya nguruwe. Walawi 11 imekataza, Wasabato wanashika, sisi Walutheri tunaagiza na ndizi za kuchoma. Na hiyo nzima ni ipi? Yetu ina vitabu 66, ya shangazi yako Mkatoliki 73. Luther mwenyewe mwaka 1522 aliuita Waraka wa Yakobo barua ya majani makavu. Ila hakuung'oa; aliusogeza tu nyuma.

Mimi nashikilia Warumi 10:9: kumkiri Yesu kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua. Samaki hayumo. Ufufuo umo, na ukiniambia huo nao umeuacha, panda basi uje tuongee, hayo si ya simu.

Linalonitisha ni jingine. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Wana wa Israeli kutoka Misri, wameondolewa. "Enyi watumwa, watiini," imebaki. Sidhani waliokata walikuwa na shida na miujiza.

Nami wembe ninao. Fungua Biblia yangu ile ya jalada jeusi: Malaki 3:10, ya zaka, ina mistari ya kalamu nyekundu mpaka karatasi imelegea. Yakobo 5 ni safi, kama haijawahi kuguswa. Humo imeandikwa: "ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele."

Unamkumbuka yule mama aliyetuchumia kahawa mwaka ulipoingia kidato cha tano? Nilimwambia asubiri chama cha ushirika kitulipe. Chama kilipolipa, nikatoa ada yako kwanza. Yeye nilimpa nusu, na zaka nikapeleka kamili.

Jumamosi nimempelekea iliyobaki, nikaongeza kidogo maana hela ya siku zile leo hainunui hata sukari. Amezeeka. Alizihesabu noti mara mbili, akanikaribisha chai. Nikasema nina haraka, nami sikuwa na haraka yoyote.

Mama yako