Kwa mnaoanza kusoma nadharia ya objekti hapa Lamu

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma ripoti zenu za vikao vya ushauri. Nimeona fahari, kwa sababu mmesoma kweli, na nimepandwa na hasira kidogo, kwa sababu mnarudia yale yale tuliyoyafanya sisi. Ripoti moja ina kurasa tatu. Mna maneno ya vitabuni humo: mna kugawanya, mna kutupia, mna nafsi ya uongo, mna objekti mbaya, objekti yaani mtu au kitu tunachokibeba akilini. Maneno ya mteja mwenyewe hayamo hata sentensi moja. Sijui kama alilia, sijui kama alichelewa boti, sijui alikaa karibu na mlango au karibu nawe. Basi nimeona niwaandikie, nyinyi mnaoanza na nyinyi mnaojiona mmeshafika.

1. Someni kwa mpangilio. Anzeni na makala ya Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, ya 1917 kuhusu maombolezo na melankolia, maana pale ndipo anaposema kwamba kivuli cha objekti kiliiangukia nafsi, na wengi waliofuata wamejenga juu ya sentensi ile. Kisha wachanganuzi nafsi waliomfuata: Klein wa 1935 na wa 1946, Fairbairn wa 1952, Winnicott wa 1953, ndipo Bion wa 1962. Msimkimbilie Bion kwa kuwa kitabu chake ni chembamba.

2. Misimamo ya Klein, ule wa kugawanya watu kuwa wema watupu na wabaya watupu, na ule wa huzuni, wa kumwona mtu mmoja ana mema na mabaya, si hatua za umri. Nimechoka kusoma kwamba mteja “amekwama kwenye miezi minne ya kwanza”. Mtu wa miaka hamsini aliyekosana na nduguye juu ya nyumba ya urithi kule Mkomani anaweza kulala akiwa katika msimamo wa huzuni, anajuta, anamkumbuka nduguye alivyokuwa akimbeba mgongoni. Asubuhi anapigiwa simu na wakili, na ndugu yule yule ameshakuwa adui mtupu asiye na jema hata moja. Sote tunakwenda na kurudi hivyo mpaka tunakufa. Mteja akirudi nyuma hajaharibika, na wewe hujashindwa kazi.

3. Jueni waligombana juu ya nini. Klein alifika London mwaka 1926 akitoka Berlin. Anna Freud alifika 1938 pamoja na babake, wakiwakimbia Wanazi huko Vienna. Kati ya 1941 na 1945, mjini mna vita, chama chao cha wachanganuzi nafsi kilijadiliana kwa ukali mkubwa: mtoto mchanga ana nini akilini mwake, na nani ana haki ya kufundisha wanafunzi. Yakatoka makundi, la Klein, la Anna Freud, na kundi la kati ambamo Winnicott alihesabiwa. Fairbairn alikuwa mbali, Edinburgh, akiandika kivyake kwamba mtu hatafuti raha kwanza, anamtafuta mtu. Ukilishika hilo, hata kijana wa unga utaongea naye vingine. Badala ya kumwuliza anapata raha gani, mwulize alikuwa na nani siku ya kwanza, na yule mtu sasa yuko wapi. Nimeona vijana waliokaa kimya vikao vingi wakifunguka kwa swali hilo.

4. Likizo yako ni sehemu ya tiba. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu mpaka leo linaniuma, na kwa sababu wawili kati yenu mmelifanya kosa hili la kuaga vibaya mwezi uliopita.

Nilikuwa na mteja, msichana aliyekwisha kuwa mtu mzima. Habari zake nimezibadilisha asitambulike. Mamake alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani yeye akiwa mdogo. Siku ya safari aliachwa amelala ili asilie, mama akashuka gatini alfajiri kupanda boti ya Mokowe. Alipoamka alikuta leso ya mamake kwenye mto. Alilala na leso ile miaka na miaka. Siku moja bibi yake akaifua, kwa nia njema, na yeye akalia mpaka akashikwa na homa, kwa kuwa harufu ilikuwa imekwenda na maji. Kwake yeye mama alikuwa malaika anayetuma manukato na simu. Bibi, aliyempikia, akamsuka, akamsomesha, alikuwa mkali, mchoyo, hana lolote. Na chini ya yote hayo palikuwa na jambo moja alilolisema bila hata kupunguza sauti: “Nilikuwa mtundu sana, ndiyo maana akaenda.”

Nilifurahi kusikia hivyo, na furaha ile ndiyo iliyoniponza. Nilimwona Fairbairn wa 1943 amekaa mbele yangu: mtoto anajitwika ubaya yeye ili mzazi abaki mwema, kwani ni heri kuwa mwenye dhambi katika ulimwengu unaotawaliwa na Mungu kuliko kuishi katika ulimwengu unaotawaliwa na Shetani. Nikaiona leso ya Winnicott pia, objekti ya mpito, kitu kinachomshikia mtoto nafasi ya mamake, ambayo mtoto mwenyewe ndiye mwenye amri juu yake, na isifuliwe ila kwa idhini yake. Vyote vilikaa sawa. Nikaandika ripoti nzuri.

Ukaingia Mfungo Sita. Nyumba yetu hujaa wageni wa Maulidi, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilimwambia mlangoni, yeye anavaa viatu, kwamba wiki mbili sitakuwepo. Akasema, “Haya dada, Maulidi mema.”

Niliporudi alikuja mapema, ameshika halwa ndani ya karatasi. Akasema hana tatizo tena. Akamsifu sana mshauri mwenzangu aliyemsalimu siku ile, kwamba yule ana moyo. Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikamweleza, kwa upole, kwamba wema wote ameuweka kwa mama na ubaya wote kwa bibi, na kwamba umefika wakati wa kuwaona wote wawili wazima. Kitabuni hapana neno moja ungelisahihisha. Alivuta buibui lake, akaikunja karatasi ya halwa mara mbili, akasema, “Dada, mimi leo nilikuja kukuuliza kama ulikuwa mgonjwa.”

Hakurudi tena.

Nilimpelekea msimamizi wangu ripoti ile, mama mmoja mtu mzima wa Mombasa. Aliisoma yote, akaniuliza jambo moja tu: “Mwanangu, katika habari hii, nani ameondoka bila kuaga?” Nikaanza kumweleza habari za mama. Akanyamaza, akaningoja mpaka nikafika mwenyewe.

Nilikuwa nikiitafuta nadharia kati yake na mamake, nayo ilikuwa kati yake na mimi, mle chumbani. Mimi ndiye niliyeshuka gatini yeye amelala. Mwenzangu mwenye moyo alikuwa amepewa wema wote, na mimi nikawa bibi. Lakini tazameni alikuwa amefika wapi peke yake: alikasirika, akahofu kwamba hasira yake imenidhuru, akaja na halwa na swali. Hiyo ndiyo huruma ya msimamo wa huzuni, ndiyo hamu ya kurekebisha aliyoiandika Klein. Winnicott angesema mteja anataka kuona kama objekti imesalimika baada ya kushambuliwa. Jibu lilikuwa fupi: sikuwa mgonjwa, nilikuaga vibaya, na huenda uliudhika. Nami badala yake nikampa somo.

5. Katazameni watoto. Mchanganuzi nafsi Esther Bick alianzisha utaratibu huu pale kliniki ya Tavistock, London, mwaka 1948: mwanafunzi anakwenda nyumba moja kila wiki, anakaa saa moja na mtoto mchanga na mamake, haandiki chochote mpaka atoke. Huku kwetu ombeni ruhusa kwa bibi kabla ya mama, na jitayarisheni kuletewa chai na kupakatishwa mtoto, hata mkieleza kwamba mmekuja kutazama tu. Pakateni. Mtamwona mtoto akipita mikono ya shangazi, ya mama mkubwa, ya msichana wa jirani, macho yake yakimfuata mtu mmoja mpaka jikoni. Kuna wanaoniambia nadharia hizi ni za nyumba ya Kizungu yenye mama mmoja na mlango umefungwa. Swali zuri, ila lijibiwe kwa kutazama. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi London na Bowlby, daktari aliyechunguza mtoto anavyoshikamana na mamake, alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955 akizuru nyumba za Waganda karibu na Kampala. Kitabu chake cha 1967 kuhusu watoto wale kimejaa vitu vya hivi hivi: nani alilia, nani alitambaa kumfuata nani, nani alishikwa akanyamaza. Ile fikra ya mama kuwa kituo ambacho mtoto hutoka kutalii na kukirudia aliiona waziwazi huko, Afrika Mashariki.

6. Msimhukumu mama yeyote. Winnicott alisema mama wa kutosha, naye alimaanisha kwamba mama anayekosea kidogo kidogo, kwa kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia, ndiye anayemkuza. Yule wa Uarabuni alilipa karo.

7. Ukitoka kikaoni na usingizi mzito au hasira usiyojua imetoka wapi, iandike. Klein alieleza mwaka 1946 jinsi mtu anavyotupa sehemu ya nafsi yake ndani ya mwenzake, na Bion akaonyesha kwamba huenda hiyo ndiyo njia pekee aliyonayo ya kukuambia. Usiitumie kama kisingizio cha uchovu wako mwenyewe.

Ramadhani inakaribia na ratiba zitabadilika. Kila mteja aambiwe mapema, akiwa amekaa, mwanzoni mwa kikao na si mlangoni, na apewe nafasi ya kukasirika. Jumatano njooni na ripoti mpya, ukurasa mmoja unatosha: alisema nini kwa maneno yake, alikaa wapi, wewe ulihisi nini, na ulimwambia lini kwamba utasafiri.