Tiketi ya feri ya kwenda kutazama mbio za pikipiki za TT
Ndugu, umeuliza kama unaweza kusubiri hadi Aprili ndipo ukate tiketi ya kuvusha pikipiki kwenda Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland; sikushauri, kwa kuwa mashindano ya TT (Tourist Trophy), yanayofanyika kwenye barabara za umma za kisiwa hicho, huanza mwishoni mwa Mei na nafasi za feri kutoka bandari za Heysham au Liverpool, Uingereza, hujaa miezi mingi kabla. Ukifika, chagua mapema mahali pa kutazamia mbio, maana barabara hizo za umma, zenye mzunguko wa takriban kilomita 60, zikishafungwa, karibu njia zote za kuvukia huzibwa. Binafsi ningechagua Ballaugh Bridge, ambako pikipiki huruka kidaraja magurudumu yote mawili yakiwa hewani, ingawa wapenda kasi tupu (nao ni wengi) husimama kwenye mteremko wa Bray Hill mjini Douglas.