Pusha akihamia mtaani kwenu, msianze na fimbo

Kwa miezi mingi sikujua kinachoendelea kwenye pagale lililo nyuma ya nyumba yetu. Niliona vijana wakiingia na kutoka, nikadhani ni mafundi. Siku moja binti yangu wa darasa la nne akarudi shule na kitu kiganjani. "Mama, hii ni nini?" Kilikuwa kipande cha nailoni, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, mdomo wake umezibwa kwa moto kisha ukachanwa. Kete tupu, kifuko cha kuuzia dawa za kulevya. Akaniambia pale alipoiokota kuna na mabomba ya sindano.

Tunaishi Temeke, Dar es Salaam, na ninajua kuna mitaa mingi kama wetu. Nawaandikia wale ambao wameanza kuziona dalili hizi na hawajui waanzie wapi. Sisi tulianza vibaya.

Tulianza na hasira. Mwezi ule zilipotea sufuria tatu, mita ya maji ya jirani ikang'olewa, na nyaya za taa ya msikitini zikakatwa. Usiku mmoja wanaume wa mtaa wakamkamata kijana anapita na kipande cha bati. Wakampiga. Nilikuwa mlangoni, kanga begani, nikamsikia akimwita mama yake. Mama yake namjua. Anauza vitumbua pale kona, na asubuhi ya siku ile nilinunua kwake vya shilingi elfu moja. Sikutoka kusema neno. Yule kijana alivunjika mkono, na mimi hilo linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Aliyemuuzia unga, yaani heroini, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, hatua chache tu kutoka pale. Aliangalia mpaka alipochoka, akawasha, akaondoka taratibu. Kesho yake biashara ikaendelea kama kawaida.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowaomba ni mtofautishe teja, anayetumia, na pusha, anayeuza. Teja anaonekana kirahisi. Mchafu, amekonda, anasinzia akiwa amesimama, anapiga debe kituoni au anaokota vyuma chakavu. Pusha wetu alikuwa msafi, anaamkia wazee, na akikuta mama ana ndoo ya maji anampokea. Na juu ya pusha kuna mwenye mali ambaye mtaani kwenu hamtamwona hata siku moja. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Mzigo wa namna hiyo haukuletwa na mtoto wa muuza vitumbua. Yeye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, ikimshika, mafua yanamtoka, tumbo linamkata, mifupa inamuuma, na atauza chochote kilicho mbele yake ili apate kete moja. Ukimpiga, arosto iko pale pale.

Wiki moja baadaye nilikwenda kwa mama yake. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, yeye akawa anageuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli, hanitazami. Niliomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mngenigongea. Ningekuja kumchukua mwenyewe."

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne ndipo akaanza kusema, na nikagundua kwamba yule mama alikuwa anajua kila kitu: mzigo unaletwa siku gani, nani anaupokea, unafichwa wapi ukiingia. Mwanawe alikuwa anamweleza kila anapolia usiku. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi kata yetu tulikuwa tumeivunja mkono.

Kwa hiyo, kabla ya kuita mkutano, kaeni na wazazi wa hao vijana. Nendeni wawili au watatu, jioni, bila kelele. Wengi wana aibu na wamechoka kuibiwa kuliko nyinyi, kwa sababu wao wameibiwa kwanza.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Nilikwenda kwenye ofisi moja inayohusika na mambo haya, nikaeleza pale kaunta kwa sauti yangu ya kawaida, watu wamejaa kwenye benchi. Nikataja na jina. Jioni yake pusha alinikuta dukani. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba. "Nasikia leo ulikwenda kutusemea." Hakunitukana, hakunigusa. Akanunua vocha akaondoka. Wiki nzima sikulala, na binti yangu nilikuwa nampeleka shule kwa mkono.

Taarifa ya unga haitolewi kaunta. Mamlaka ina namba ya bure, 119. Nilipiga nikiwa kwa dada yangu, mbali na mtaani, na jina langu sikulitaja. Lakini kabla ya kupiga hakikisheni mna la kusema. "Huku kwetu wanauza unga" haimsaidii mtu kufanya kazi. Mimi ni katibu wa kikoba, na daftari la kikoba hakuna anayelishangaa. Kurasa za nyuma nikawa naandika tarehe, saa, rangi ya pikipiki, namba yake nikiweza kuisoma, alikoingilia na alikotokea. Wanawake wenzangu wawili wakafanya hivyo hivyo madirishani kwao. Baada ya wiki tatu tulipolinganisha, tukaona mzigo unakuja Jumanne na Ijumaa kabla ya saa 12 asubuhi, wakati watu wanawahi daladala na hakuna anayemtazama mwenzake. Msipige picha, maana simu ikiinuliwa inaonekana. Msimfuate mtu. Na daftari lisizunguke mikononi mwa watu.

Pagale tulilishughulikia waziwazi, kwa sababu hilo ni suala la jengo. Kwenye mkutano wa mtaa hatukutaja jina la mtu yeyote. Tulizungumzia majani marefu, giza, na njia ya watoto wa shule. Mjumbe akamtafuta mwenye pagale, kumbe anaishi mkoa mwingine, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akamwandikia barua. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inambana pia mwenye eneo anayejua na kuruhusu litumike kwa mambo hayo, na barua ilimkumbusha hilo kwa adabu. Mwezi haukuisha akaleta milango ya bati na kufuli. Sisi tukachangishana tukaweka taa.

Siku ya kufyeka, niliwakuta vijana wanaokota mabomba ya sindano kwa vidole. Nawasihi, msifanye hivyo. Sindano moja inaweza kukupa virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Tulitumia koleo la jikoni ambalo halikurudi tena jikoni, tukaziweka kwenye galoni gumu lenye kifuniko, tukapeleka zahanati. Watoto waambiwe wakiona sindano waite mtu mzima, na msiwagombeze wakija kusema. Mimi siku ile nilimfokea binti yangu kwa woga, na ilichukua muda kabla hajaniletea habari nyingine.

Yule kijana, mkono wake ulipopona, mama yake alimpeleka kwenye kliniki ya methadoni, dawa anayopewa teja badala ya heroini. Tanzania Bara huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na sasa ipo pia Tanga, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Haitozwi hela. Mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, ni dawa ya maji, na arosto inatulia. Ugumu wake ni huko kwenda kila siku. Miezi ya mwanzo alikuwa anakosa nauli, na mtu aliyekosa dozi anarudi kwa pusha. Tulikaa wanakikoba tukakubaliana kumchangia nauli. Kuna waliokataa. Walisema, mwizi wa sufuria zetu leo tumlipie daladala? Sikuwalaumu, maana mmoja wao sufuria ilikuwa ya kwake. Waliokubali tulikuwa saba, zikatosha.

Yule wa pikipiki hajaonekana mtaani kwetu tangu mwaka jana. Ila nasikia sasa wanauzia karibu na gereji, mitaa miwili kutoka hapa. Jumapili iliyopita nilikwenda kule na mama wa vitumbua. Tulimkuta mama mmoja anafua, mwanawe amejilaza kibarazani na jasho linamtoka. Mwenzangu akavuta kigoda, akaanza kumsaidia kusuuza, na kwa muda hakuna aliyetaja unga.