Jibu: bulo ya eshapema iliyokatikia ndani ya kulasi

Ndugu, umeuliza kama utumie ekstrakta (chombo cha kung'oa bulo iliyokatika) kwa bulo ya M6 (unene wa milimita 6) ya eshapema, bomba la moshi, iliyokatikia kwenye kulasi, yaani kichwa cha injini. Usianze na ekstrakta. Ni chuma kigumu sana. Ikivunjikia ndani, meshi (ncha ya kutobolea) ya kawaida haiikwangui tena.

Kipande kikitokeza hata milimita 2, kiloweke usiku kucha kwa mafuta ya kulegeza kutu, yafute yote, ng'oa waya wa betri, kisha fundi wa kuchomelea wa pale Birere, Goma, aweke ekru (nati) ya M8 juu yake na kuijaza ndani kwa kuchomelea. Chuma cha kuchomelea hakishiki alumini ya kulasi, usiogope. Ekru ikiwa bado ya moto, izungushe robo kwenda, robo kurudi. Ukilazimisha upande mmoja itakatika tena.

Kimekatikia ndani kabisa? Ziba tundu la eshapema kwa kitambaa, sawazisha uso, piga alama katikati kabisa (hapa ndipo wengi huharibu kulasi nzima), toboa kwa meshi ya milimita 3, 4, mwisho 5, kisha pitisha tarodi (chombo cha kukata nyuzi za bulo ndani ya tundu) ya M6. Meshi ikihamia kwenye alumini laini, nyuzi zimekwisha, weka helikoili (koili ya waya inayorudisha nyuzi). Bulo mpya ipake grisi ya shaba, uikaze Nm (nyutoni-mita) 10 tu.