Swali la Lugha: Je, Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa dola au serikali?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tabora. Mwanafunzi wangu ameandika hivi katika insha yake: "Baada ya Vita Kuu ya Pili, dola ya Tanganyika ilianzisha mashamba ya karanga Urambo ili kuleta maendeleo ya taifa." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alikata neno "dola" akaandika "serikali". Mimi nilidhani hayo ni visawe tu. Nani yuko sahihi? Tena, tuseme "dola ya" au "dola la"?

JIBU: Mwalimu, mwenzako amelikaribia jibu lakini hajalifikia, kwa kuwa hata hilo neno "serikali" aliloliweka halitoshi mpaka tuambiwe ni serikali ya nani. Dola na serikali si visawe, ingawa redioni na magazetini moja hushika nafasi ya jingine kila siku na mambo yakaenda. Katika habari za leo madhara yake ni madogo. Katika historia, ambako swali lenyewe mara nyingi ni nani alikuwa na uwezo wa kuamua nini, kuyachanganya ni kumpa mtu mmoja matendo ya mwingine.

Serikali ni chombo cha kuendesha nchi pamoja na watu waliokabidhiwa chombo hicho kwa wakati fulani. Ndiyo maana tunasema serikali ya awamu ya kwanza na ya pili, na tunasema serikali imejiuzulu, imevunjwa au imepinduliwa. Dola ni mamlaka kuu juu ya eneo lenye mipaka na watu wake, yaani mamlaka yasiyoamriwa na mwingine kutoka nje, yenye sheria, mahakama, jeshi na hazina, ambayo huendelea kuwapo hata serikali zinapopishana. Sijapata kumsikia mtu akisema "dola ya awamu ya tatu". Polisi na magereza tunaviita vyombo vya dola, kwa sababu havivunjwi pamoja na baraza la mawaziri.

Kipimo rahisi cha kuyatenganisha ni kwamba mahali panaweza kuwa na serikali bila kuwa dola. Tanganyika chini ya Waingereza ni mfano mzuri kupita yote: ilikuwa na gavana, idara, kodi, na tangu mwaka 1926 ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria, lakini Waingereza waliishika kwanza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa na kisha, tangu mwaka 1946, kama nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Neno la mwisho lilikuwa London. Tanganyika ikawa dola tarehe 9 Desemba 1961, si siku moja kabla. Zanzibar hutuletea ugumu wa namna nyingine: ina Serikali yake, na katiba yake iliyorekebishwa mwaka 2010 inaitaja kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, ilhali Katiba ya Muungano ya mwaka 1977 inaanza kwa kusema kwamba Tanzania ni nchi moja. Ubishi huo ni mkali kwa sababu, pamoja na siasa yake, "nchi" kwa Kiswahili ni ardhi na makazi ya watu, na papo hapo hutumika kwa maana ya dola, kama katika ibara ya 33 inayomtaja Rais kuwa "Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu". Ibara hiyo, kwa njia, ndiyo ushahidi mzuri kwamba wanasheria wetu wanajua kuwa mkuu wa nchi na kiongozi wa Serikali ni vyeo viwili, hata vikikaa kwa mtu mmoja.

Sasa turudi kwenye karanga. Mpango ule, ulioanza mwaka 1947 na ukagusa Kongwa, Urambo na Nachingwea, haukubuniwa kwa ajili ya Tanganyika. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na uhaba wa mafuta ya kula. Wizara ya Chakula ya London ndiyo iliyousimamia, kwanza kupitia kampuni binafsi, halafu kupitia shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya Bunge la huko mwaka 1948. Gavana wa Dar es Salaam alikuwa mpokea maagizo kuliko mwenye shughuli. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea, na hasara hiyo ilikuwa ya walipa kodi wa Uingereza. Kwa hiyo mimi ningeiandika sentensi ya kijana wako hivi: "Serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba ya karanga Urambo ili kujipatia mafuta ya kula." Utaona kwamba "maendeleo ya taifa" yameondoka pia, kwa kuwa taifa lililotafutiwa mafuta halikuwa la watu wa Urambo. Neno "taifa" lenyewe linataka tahadhari katika maandishi ya kale, maana si kila mara lilikuwa na maana yetu ya leo: Thenashara Taifa za Mombasa ni jamii kumi na mbili za Waswahili wa mji ule, wala hakuna hata moja iliyodai kuwa dola.

Tahadhari hiyohiyo iende nyuma na mbele ya Mwingereza. Kwa enzi ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884 na ambaye Urambo imerithi jina lake, tunalo neno letu lenye usahihi zaidi, "utemi", na sioni sababu ya kuliacha. Kati ya mwaka 1885 na 1891 si sahihi sana kuandika "serikali ya Wajerumani" katika Tanganyika ya baadaye, kwa kuwa aliyedai kutawala alikuwa kampuni yenye hati ya Kaisari. Serikali yenyewe ilishika utawala tarehe 1 Januari 1891, baada ya vita vya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani, kuishinda kampuni nguvu. Na tukija karibu zaidi, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa la TANU, nayo Serikali ikalitekeleza kwa kutaifisha mabenki. Wazee bado husema "Chama na Serikali" kwa pumzi moja, nao hawakosei: mwaka 1975 ukuu wa chama uliandikwa ndani ya katiba, hivyo anayeandika kwamba "serikali iliamua" juu ya vijiji vya ujamaa vya miaka ile amemsahau mwamuzi wa kwanza, yaani chama.

Kuhusu "kuleta maendeleo", sikatazi, maana usemi umekwisha kukaa. Lakini maendeleo yanatokana na kuendelea, na anayeendelea ni mtu mwenyewe. Serikali yaweza kuendeleza, kujenga, kugharimia au kulazimisha, na kila kimoja cha vitenzi hivyo kinampa mtahini habari ambayo "kuleta" hakimpi.

Kwa upande wa ngeli, nashauri dola kwa maana ya mamlaka liwe katika li-/ya-: dola hili, madola haya, dola la Kirumi. Wingi wake unaujua tayari katika jina la Jumuiya ya Madola. Dola ya fedha ni neno jingine kabisa, lililotoka katika Kiingereza, nalo ni la i-/zi-: dola hii, dola hizi. "Dola ya Kirumi" utaikuta kwa waandishi wazuri, nami nisingemnyima mwanafunzi alama kwa ajili yake. Ningemnyima kama angeanza na "dola la" na kumalizia na "dola hizo" katika aya moja.

Herufi kubwa hukuuliza, ila nimeona mwenzako ameandika "serikali" kwa herufi ndogo. Katika insha, andika Serikali kwa herufi kubwa unapotaja moja mahususi, na kwa herufi ndogo unapozungumzia serikali yoyote ile.