Jibu: Je, filamu ya Tintin itamvunja moyo aliyekua na vitabu vyake?

Ndugu, umeuliza kama filamu ya mwaka 2011 ya Tintin, yule mwandishi wa habari kijana wa vitabu vya katuni, itamvunja moyo mtu aliyekua na vitabu vyake. Mimi nilivisoma tangu utotoni hadi majalada yakachakaa, na jibu langu ni kwamba itakukera mahali usipotarajia.

Hergé, mchoraji Mbelgiji aliyeanza kumchora Tintin mwaka 1929, alitumia mistari safi na rangi bapa zisizo na vivuli, hivyo uso wa Tintin ukawa nukta mbili za macho na kishungi cha nywele, na mengine msomaji akayajaza mwenyewe. Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu hiyo, alinasa miondoko ya waigizaji halisi, kisha kompyuta zikawavika ngozi yenye vinyweleo. Mwanzoni nilihisi kana kwamba namtazama mgeni aliyevaa nguo za rafiki yangu. Hata hivyo, mchoraji wa mtaani anayemchora Tintin filamu inapoanza ana sura ya Hergé mwenyewe, na picha anayomkabidhi ni ile ile ya vitabuni. Nakiri kwamba hapo nilitabasamu.

Kuhusu hadithi, usiikague ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa imeunganisha vitabu vitatu, na Sakharine, ambaye kitabuni ni mkusanyaji tu wa mifano midogo ya meli, amegeuzwa adui mkuu. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Kapteni Haddock, baharia rafiki wa Tintin, kwa upande wake ametendewa haki: hasira, ulevi na majuto yake vyote vimo.