Misuli kukaza baada ya zamu ya boila: msisingizie baridi

Swali: Nachochea kuni kwenye boila ya kiwanda cha chai, zamu ya muda wa saa 8. Nakunywa maji lita 6, ila nikioga jioni tumbo na mapaja vinakaza hadi nalia. Wenzangu wanasema baridi imeingia kwenye mwili wa moto, nisioge, nimeze diklofenaki ya maumivu.

Jibu: Ungekuwa umepungukiwa maji tu, hizo lita 6 zingekusaidia. Kilichokwisha ni chumvi. Itazame fulana yako ikishakauka: yale mabaka meupe mgongoni ndiyo chumvi yenyewe. Wachochea makaa wa meli za mvuke walikaa mbele ya tanuri saa 4, wakapumzika 8, na maradhi haya yaliwapata mno hata Waingereza wakayaita kwa jina la kazi yao. Mwaka 1923 mtafiti K. Neville Moss alionyesha kwa wachimba makaa kwamba jasho jingi likifidiwa kwa maji matupu, misuli hukaza. Hukaza hasa kazi ikiisha na mwili ukipoa, yaani saa ya kuoga. Ndipo bafu linaposingiziwa!

Kila lita ya maji itie robo kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha usawa. Kunywa glasi moja kila dakika 15 hadi 20, usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Uji mwepesi wa chumvi unafaa. Wale wa melini walikuwa na maji yao ya unga wa oti. Usibugie chumvi kavu, itakuchafua tumbo. Mwenye presha, moyo au figo amwone daktari kwanza. Misuli ikikaza, acha kazi, inyooshe taratibu, kunywa ORS (ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji). Saa moja ikipita haijaachia, nenda hospitali.

Diklofenaki iache. Mwili ukiwa umekauka, dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kuna watu wanaimeza kila siku kabla ya zamu kama chai!

Lakini hii hadithi ya baridi inaua kwa njia nyingine. Mtu anaropoka, anapepesuka, anaanguka mbele ya tanuri, na wenzake wanaogopa kummwagia maji eti atapooza. Wengine humfunika blanketi. Joto linamharibu ubongo wakati huo huo. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji baridi mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea. Kama hajitambui, msimnyweshe kitu. Msingoje gari lifike ndipo muanze, na likifika, endeleeni kummwagia humo humo hadi hospitali.